Sadaka ya Ko Zeya

Ko Zeya alikuwa na shati moja tu la heshima, nalo lilikuwa likizunguka ndani ya mashine ya kufulia aliposikia riziki yake ikiongea kwenye simu.

Riziki yenyewe ilikuwa bwana mmoja mnene aitwaye U Kyi Thant, mwenye duka lile la kufulia na mengine mawili hapa San Francisco.

"Yakuti ya migodi ya Mogok, kwetu Burma, ndugu yangu," alikuwa akinong'ona kwa sauti iliyofika barabarani. "Nyekundu ya damu ya njiwa. Bila risiti, bila ushuru, bila maswali. Nikiipata, masonara wa hapa watanipigia magoti."

Ko Zeya, kifua wazi ndani ya koti, alifumba macho akashukuru. Mwenye nyumba alikuwa amemfukuza juzi, na begi lake lilikuwa limehifadhiwa stendi. Alichohitaji ni kitu kimoja: bahasha nono kabla basi la Los Angeles halijaondoka Jumapili saa kumi jioni.

Shati lilipokauka, tayari alikuwa, kwa maneno yake mwenyewe, mpwa wa mwenye mgodi huko Mogok. Ijumaa akamwonyesha U Kyi Thant yakuti kubwa kama punje ya hindi, ambayo wiki iliyotangulia ilikuwa taa ya nyuma ya gari kuukuu. Fundi aliyeichonga alikuwa mlevi, lakini mwenye kipaji. Jumapili saa nane mchana wakakutana katika hoteli ya chakula iitwayo Hintha kumaliza mambo.

Hintha ndipo mohinga, mchuzi wa samaki na tambi ambao mama zetu walitununulia kando ya njia kabla ya shule, huletwa ndani ya bakuli dogo kama kofia ya kichanga, na mhudumu husimama kukueleza samaki yule alizaliwa wapi. Waburma wote wa mji huu huilaani bei yake. Na kila Jumapili, wakitoka kwa watawa, huijaza hoteli hiyo mpaka mlangoni.

Nje ya mlango Ko Zeya alikunja mikono akasali. Usicheke, msomaji. Tapeli naye husali, na mara nyingi kwa unyenyekevu kutuzidi sisi, maana anajua hasa anachokitaka.

U Kyi Thant hakuwa peke yake. Alikuja na mama mkwe wake, Daw Ohn Tin, kikongwe mwenye meno manne na macho mawili, yote yakifanya kazi.

"Mama haongei sana," U Kyi Thant alisema. "Nimemleta kwa sababu amekataa kubaki nyumbani."

"Hiyo ni baraka," Ko Zeya akasema, akainama. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe mtu wa wapi?"

"Mogok, Mama."

"Mogok ya upande gani?"

"Aa, Mama, nyumbani ni nyumbani tu."

Bibi akairudia saladi yake ya majani ya chai. Chini ya meza kisanduku chenye yakuti kikaenda upande huu na bahasha ikaja upande ule.

"Hiyo ni nusu," U Kyi Thant alinong'ona. "Nusu ya pili kesho benki ikifunguliwa."

"Kaka, baina yetu kuna haja gani ya haraka?" alijibu Ko Zeya, ambaye kesho alitarajia kuiona akiwa Los Angeles.

Mwerevu angeaga hapo hapo. Lakini Ma Khaing, mwenye hoteli, alifika mezani akitabasamu. "Chakula kimewapendeza? Kuna sherehe yoyote leo?" Nyuma yake ilipita keki ya semolina, ile ambayo mwenye sherehe hupewa bure, iking'aa kwa tui la nazi.

"Leo ni siku yangu ya kuzaliwa," mdomo wa Ko Zeya ulisema, bila kumwomba mwenyewe ushauri. Udanganyifu ni kama kikohozi, humtoka mtu hata mahali asipokusudia.

Wakati huohuo Daw Ohn Tin alinyoosha kiganja kwa mkwewe. "Nipe na mimi nikione." Akakitoa kito kisandukuni, akakitia mdomoni.

"Mama! Hiyo si peremende!"

Bibi alikihamisha kito shavu la kulia, akakirudisha la kushoto. Watu wa migodini ndivyo wanavyopima: yakuti ya kweli hubaki baridi ulimini, lakini kioo hupata joto upesi, kama mgeni aliyekaribishwa vizuri. Muda wote huo alimtazama Ko Zeya usoni. Kisha akakitema kwenye kitambaa.

"Ni kizuri," alisema. "Tangu niondoke kwetu Mogok, sijaonja kitu kama hiki."

Ko Zeya alielewa kwamba bibi ameshaugundua uongo. Hata hivyo akili yake ilikimbia mbio, ikarudi na habari njema: bibi hatapiga kelele. Akisema "mwizi", kufikia magharibi mji mzima utajua kwamba U Kyi Thant ameuziwa taa ya gari, na aibu ya mkwe ni aibu ya nyumba nzima. Ko Zeya nusura acheke.

Hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa. Daw Ohn Tin hakupiga kelele za mwizi. Alisimama juu ya miguu yake myembamba akapiga kelele nyingine.

"Jamani, nisikilizeni! Kijana huyu leo ni siku yake ya kuzaliwa. Anataka kutulisha wote humu ndani, ila anaona haya kusema. Meza zote, chakula cha leo ni sadaka yake!"

Hakuna aliyeshangaa. Kwetu, mwenye siku ndiye hulisha watu, hangojei zawadi. Watu arobaini waliweka vijiko chini, wakakunja mikono, wakaitikia kwa pamoja, "Thadu! Thadu! Thadu!" yaani, umetenda vema. Ma Khaing akaangua ukutani upatu wa shaba uliokuwa pambo tangu siku ya ufunguzi, akaugonga. Wamarekani wa meza ya dirishani wakapiga makofi bila kujua kwa nini.

"Mama," Ko Zeya alinong'ona, "nadhani kuna..."

"Kuna nini, mwanangu? Hukuzaliwa leo?"

Ko Zeya akapiga hesabu nyingine. Aliyedanganya juu ya siku yake ya kuzaliwa, kito chake nacho kitaulizwa maswali. Isitoshe, mzee wa meza ya tatu alikuwa ameshaanza kulia, akimwombea maisha marefu.

"Huu ndio moyo wa watu wa migodi!" U Kyi Thant alifurahi, akamwita mhudumu. "Ongeza kamba! Leta na kaa!"

Bahasha ikaenda kwa Ma Khaing. Ikarudi imekonda kama aliyefunga saumu mwezi mzima, ikifuatana na kipande cha keki ya semolina, bure.

Ko Zeya akainuka aondoke. Bibi akamshika mkono. "Bado. Mtoa sadaka huwagawia watu thawabu zake. Sema mara tatu, kwa sauti."

"Hata thawabu nigawe?"

"Hata thawabu."

"Mama, sasa mimi nitabaki na nini?"

"Thawabu haipungui ikigawanywa, mwanangu. Ni moto wa mshumaa."

"Na fedha?"

"Fedha hupungua. Ndiyo maana tumeanza nayo."

Ko Zeya akasimama mbele ya watu arobaini. "Chukueni sehemu yenu," alisema mara ya kwanza, upesi, kama anayelipa faini. Mara ya pili alisema polepole. Mara ya tatu aliona watoto wenye mchuzi wa nazi videvuni wakimtazama kama mtu mwema, jambo ambalo halijawahi kumpata, na Mungu ndiye ajuaye, lakini safari hiyo alisema kama aliyekusudia.

Alipoketi, saa ya ukutani ilikuwa imeshaipita saa kumi, na basi la Los Angeles limeondoka. Alimwinamia bibi. "Na mkweo, utamwambia lini?"

"Kesho, kabla benki haijafunguliwa. Leo mwache ale. Tangu amwoe binti yangu, hajawahi kutoa sadaka kubwa namna hii."

Na kweli, U Kyi Thant, mguu wa kaa ukimning'inia mdomoni, alikuwa amekunja mikono yake minene, akiitikia "Thadu!" kwa sauti kuliko watu wote.