Sanamu Yangu na Dari la Shemeji

Jumatatu, 3 Machi
Hospitali kuu inatafuta msanii wa kuupamba ukumbi wake mrefu. Hatimaye! Nimempigia mwenyekiti wa kamati. Anasema siku hizi yeye hachagui. Eti msanii akae kwanza na wagonjwa, kisha wao, wauguzi na madaktari wapige kura. Makubwa! Nimeshapata wazo: sanamu ya daktari, kifua mbele, uso wa mganga mkuu mwenyewe. Kidevu nimempunguzia, hisani yangu.

Jumatano, 12 Machi
Balaa. Shemeji naye ameomba! Mke wangu anasema tuwaombee dua wote wawili, mimi na mdogo wake. Nimeomba upande mmoja. Shemeji anashinda wodini akipiga soga. Hajachora hata mstari. Nimelala usingizi wa pono.

Ijumaa, 28 Machi
Kazi za majaribio ziko tayari. Sanamu yangu iko mapokezi. Watu wanaitundikia miavuli. Ya shemeji iko ndani, na mlinzi hanipishi. Basi nikashika tumbo, nikaanguka. Nilianguka vizuri mno! Wauguzi wakanipakia kwenye kitanda cha magurudumu, mbio kupitia ukumbini kuelekea chumba cha upasuaji.

Nikatazama juu kwa hofu. Nikasahau hofu. Shemeji amechora dari! Kundi la ndege, wote wanaruka kule kule kitanda kinakokwenda. Wananisindikiza. Machozi yakanitoka. Muuguzi akadhani ni maumivu, akanidunga sindano.

Nilipozinduka wodini, bila kupasuliwa, mzee wa kitanda cha jirani akajisifu kwamba ndege ni wazo lake. Alimwambia shemeji kuwa ukilala chali huoni ila taa na nyufa. Shemeji akapanda kitandani, akalala, akaomba asukumwe hadi mwisho wa ukumbi.

Jumapili, 30 Machi
Shemeji kazoa karibu kura zote. Sanamu imepata moja, ya mganga mkuu. Nimempongeza shemeji kwa moyo mweupe. Miaka yote hii sijawahi kujiuliza macho ya mgonjwa yanatazama wapi. Fundi yule, fundi hasa! Akacheka: “Shemeji, we kaa nao tu, watakwambia wenyewe.”

Jumatatu, 31 Machi
Uwanja wa mpira nao unatafuta msanii! Kukaa na mashabiki ni kupoteza muda, siri nimeshaijua. Nimeomba kuchora dari. Mke wangu anauliza uwanja ule una dari gani. Hayo ni mambo ya mafundi ujenzi.