Skrubu Mbili za Gari la Harusi

Jumatatu, 4 Agosti 1997. Matiri.

Kuanzia huku milimani hadi ziwani hakuna mashine inayonikaidi. Hata mapadri wa misheni zamani, jenereta likiwagomea, waliuliza kwanza kama Wendelini yupo. (Nilikuwa darasa la tatu. Lakini nilikuwapo.)

Leo mdogo wangu Leopold kaniachia gari lake. La Kijapani, jeupe! Siku hizi kila mwenye mzani ananunua kahawa, na Leopold ana mizani miwili. Jumamosi nimpeleke binti yake Yuliana kanisani Mapera, akafunge ndoa. Wakwe ni watu wa ziwani, wa Kihagara. Wameshatangaza kwamba sisi Wamatengo huozesha kwa miguu. Leopold kasema: kaka, endesha tu, boneti usiifungue. Likisumbua, bibi harusi atabebwa na Kilian kwa Landrova.

Kilian! Kaka wa mke wangu. Landrova lenyewe linanuka maganda ya kahawa.

Nimefungua boneti. Isingekuwa ya kufunguliwa wasingeiwekea bawaba. Nikaona kijisanduku cheusi ubavuni mwa injini, pale waya wa kikanyagio cha mafuta unapovutia. Skrubu mbili, zimebanwa kikatili! Kanuni yangu ya mashine ya kumenya kahawa inajulikana: ikibanwa inasaga punje, legeza mbili za ubavuni ipumue. Bisibisi sikuiona. Nimetumia kisu cha Domitila, mke wangu. Nimelegeza, nimekizungusha kijisanduku kidogo, nimekaza. Sasa linapumua.

Jumanne, 5 Agosti

Linapumua mno. Limesimama tu, linanguruma kama linapanda mlima. Linashuka. Linapanda tena. Nikikanyaga mafuta linasita, linaruka kama mbuzi, linasita. Nikiachia, linazima. Mama Ida wa maandazi kaniuliza mbele za watu: Baba Pankras, unalifundisha ngoma?

Petroli mbovu. Nimeimwaga yote, nimeichuja kwa kitenge cha Domitila, nimeirudisha. Bado. Basi kuna mkono wa mtu. Nani alipita hapa jana jioni? Kilian.

Domitila naye kaenda kwa huyo Kilian tena. Kusalimia, anasema. Na debe la kahawa kichwani!

Jumatano, 6 Agosti

Nimekwisha. Nimesafisha plagi zote kwa majivu. Nimebadilisha betri upande wa kukaa. Wapi!

Yuliana kaja. Shikamoo baba mkubwa, gari linaendeleaje? Nikamwambia linanyoosha viungo. Kaomba akae nyuma, apime kama gauni litaenea. Alikuwa anacheka, maskini. Nikaondoka kwa mbwembwe. Likaruka, likazima kwenye mlima, likarudi nyuma, likakaa kwenye ngolo za shamba letu, yale mashimo tunayolimia mlimani, magurudumu mawili ndani.

Kilian kalivuta kwa Landrova. Alipiga honi tu. Afadhali angenitukana.

Yuliana hakucheka tena. Kasema polepole: baba mkubwa, mimi gari sina haja nalo. Nataka tu nifike.

Sijala.

Alhamisi, 7 Agosti

Yuliana kamwita Sista Ottilia wa karakana ya misheni. Kaja kwa pikipiki, anaongea tangu kule bondeni. Nikamwarifu mapema kwamba ni kabureta. Kasema gari hili halina kabureta. Nikasema basi imeibiwa.

Kachomeka mita kwenye nyaya za kile kijisanduku, kanikalisha kwenye usukani nikanyage na kuachia. Kasema kwa sauti ya kusikika hadi Mapera: hii ni sensa! Kazi yake kuiambia kompyuta ya gari mguu umekanyaga kiasi gani. Wewe mguu umeinua, yenyewe inasema umekanyaga nusu. Kompyuta imwage mafuta kwa kumwamini nani? Imezungushwa hii. Nani kaigusa?

Nikasema huenda Wajapani.

Sista kachomoa kitu kwenye kichwa cha skrubu. Ncha ya kisu. Domitila kaitazama kama aliyemwona ndugu yake aliyepotea.

Kairudisha sensa kiasi cha unywele, mita ikatulia, kakaza. Kaziba skrubu kwa rangi ya kucha ya Yuliana. Gari likawa linanong'ona kama bibi anayesali rozari. Sista kaniambia nikiligusa tena, litania atanisomea mimi.

Ijumaa, 8 Agosti. Nane Nane.

Nimelizungusha hadi sokoni na kurudi. Halikusita hata mara moja! Nimewaeleza watu jinsi nilivyomwelekeza Sista. Hata Kilian kasema: safi, shemeji.

Lakini kimya cha injini kinanitia shaka. Gari la harusi lisilosikika ni gari? Wakwe watadhani limezima.

Nimelegeza kiasi cha unywele. Nusu unywele.

Jumamosi, 9 Agosti

Mlima wa kwanza.

Yuliana kafika kwa Landrova, ameketi juu ya gunia lililotandikwa kanga, ganda la kahawa kwenye shela. Mimi nyuma, na magunia yaliyobaki. Nilidhani wakwe watacheka. Walipiga vigelegele hadi kengele ya kanisa haikusikika. Yuliana aliposhuka kanishika mkono: nimefika, baba mkubwa. Machozi yalinitoka. Vumbi la Kilian.

Leopold kanipokonya ufunguo.

Jumapili, 10 Agosti

Domitila kaficha visu. Leo nyama tumekata kwa panga. Aibu gani hii!

Nimekaa, nimetafakari, nimeuona ukweli: ni ile rangi ya kucha. Iliziba, skrubu zikakosa pumzi. Sista hajui mambo ya hewa. Nimegundua pia kwamba kijiko, ukikiponda ncha, kinaingia vizuri kuliko kisu. Na cherehani ya Domitila, nikiisikiliza, imebanwa.

Kuna jambo moja dogo, wala halihusiani. Mashine yangu ya kumenya kahawa haijamenya hata punje moja tangu nilipoilegeza. Kahawa yetu humenywa kwa Kilian.