Bangili za Marehemu Mama Mkwe

Uweso alikuwa akichagua bakuli asilokusudia kulinunua aliposikia Bi Shahbanu, mjane mwenye duka la vyombo mtaani Usagara, akimwambia mteja kwamba Mjerumani hakuondoka na dhahabu yake yote. Nyingine aliifukia ufukweni Raskazone. Uweso akaliweka bakuli chini. Ijumaa alitakiwa kupeleka Maramba mahari ya bangili mbili za dhahabu, la sivyo Nasima wake angeozwa fundi cherehani, na mfukoni hakuwa na kitu.

Kesho yake alirudi na pande la shaba ya njano, zito kama mtoto wa miezi sita. Alikuwa ametoa baiskeli yake kulipata, akalisugua kwa ndimu na majivu mpaka likang'aa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimelifukua Raskazone. Usimwambie mtu." Akatoa sumaku, akageuka mwalimu. "Chuma huvutwa. Bati huvutwa, maana ni chuma kilichopakwa tu. Dhahabu je? Tazama!"

Sumaku ikadondoka. Kila neno kuhusu sumaku lilikuwa la kweli. Alichosahau kutaja ni kwamba shaba, risasi na alumini nazo haziijali sumaku, lakini mtu hawezi kusema kila kitu.

"Subhanallah! Elimu hii umeisomea wapi?"

"Ni kipaji, mama."

Bi Shahbanu hakuwa na pesa. Alikuwa na bangili mbili za marehemu mama mkwe, zilizotoka Bombay. "Sijui hata kama ni dhahabu kweli. Nipimie wewe mwenye kipaji."

Uweso akapima. Sumaku ikadondoka. Akamwonea huruma bibi wa watu, huruma ya kama dakika moja hivi, akazitia bangili mfukoni na kudandia bodaboda.

Ijumaa kule Maramba, Bi Mwatima, somo aliyemfunda Nasima, alizipokea mbele ya wazee, akazitumbukiza kwenye bakuli la siki na chumvi, kama ukoo ule ufanyavyo kwa kila mahari. Wakala pilau taratibu. Walipomaliza, siki ilikuwa ya kijani kwa kutu ya shaba.

"Haiwezekani!" Uweso akaruka na sumaku yake. "Tazameni, haishiki!"

Bi Mwatima akampokonya sumaku, akaibandika kwenye sufuria ya alumini. Ikadondoka.

"Kumbe pilau ya leo," akasema, "tumeipikia kwenye dhahabu."

Nasima akaolewa na fundi cherehani. Na kule Usagara, Bi Shahbanu, aliyekwisha kuliuza lile pande kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, alikuwa akimsimulia mteja mwingine habari za Mjerumani, huku akitoa kwenye katoni bangili nyingine mbili za marehemu mama mkwe.