Feni Mbili za Gari la Marehemu Shemeji

Jumatatu, 3 Novemba

Mvua toka alfajiri. Kioo cha mbele kikajaa ukungu, nikawasha feni za hewa ya moto. Gari likalia! Krrr-tak-tak-tak, kama kuku aliyefungiwa ndani ya debe. Barabara nzima ya Buyenzi, mtaa wetu hapa Bujumbura, wamegeuka kuniangalia.

Gari si la mchezo. Jekundu, la mbio, milango miwili, la mwaka themanini na sita. Lilikuwa la shemeji yangu, mume wa dada Fatouma. Alipofariki nikalitunza mimi. Jumamosi binti yao, Khadidja, anaolewa, na bwana harusi ni mtu wa Gitega. Njiani, kule juu Bugarama, kuna baridi na ukungu mzito. Bila feni, dereva haoni kitu.

Dada Fatouma amesema mwanawe hataingia ukweni ndani ya gari linalobweka. Atapanda gari jeupe, jipu la Hamimu, fundi mwenye garaji ng'ambo ya barabara, mkabala na mimi. Huyo Hamimu ovaroli yake ni safi siku zote. Fundi msafi anafanya kazi saa ngapi?

Khadidja akakataa. "Apana, mama. Mi nataka gari ya baba."

Nimeahidi mbele ya wote: Alhamisi gari litakuwa kimya. Nashona viti vya magari mwaka wa ishirini na mbili huu. Nani amekaa ndani ya magari kunishinda?

Jumanne, 4 Novemba

Uchunguzi. Feni ziko mbili, moja kulia, moja kushoto. Hamimu akavuka barabara bila kualikwa. Akashauri nichomoe waya wa moja, niwashe nyingine, nisikilize, kisha nibadilishe. Nikamshukuru kwa adabu. Ushauri wa mtu asiye na masikio!

Mimi nilisimama mbele ya gari, nikaingiza kichwa chini ya kapo, kile kifuniko cha injini, nikafumba macho. Kushoto. Hakuna shaka.

Saa nne za kazi kuifungua. Ndani safi kama sahani ya mgeni. Ajabu! Basi imekauka. Mafuta ya cherehani yamekwisha, nikatia mawese ya jikoni. Mafuta ni mafuta. Kikombe kizima.

Jumatano, 5 Novemba

Nimeirudishia feni. Imebaki skrubu moja. Bila shaka kiwandani waliweka ya akiba.

Nikawasha. Krrr-tak-tak-tak. Ileile! Na sasa gari linanukia maharage ya mawese.

Sikukata tamaa. Mpango wa pili: kufunika kelele kwa kelele. Nimefunga redio yenye spika kubwa mbili, nikamwita dada asikilize. Alikaa dakika moja. Akasema sasa anasikia vitu viwili, na tena ana njaa. Akavuka barabara kuzungumza na Hamimu. Nimewaona wakicheka. Wacheke.

Alhamisi, 6 Novemba

Khadidja amekuja peke yake, hina mikononi. Akaketi kiti cha mbele. Akasema baba yake alikuwa akimpeleka Kajaga, ufukweni, kula samaki, na yeye alikaa hapohapo, miguu haifiki chini. Kisha akasema polepole: "Mjomba, muache Hamimu aangalie. Kidogo tu."

Nikamwambia kesho. Alipoondoka nilikaa ndani ya gari muda mrefu, bila kuwasha kitu.

Halafu likanijia wazo. Wazo safi! Nilikwenda kwa Hamimu nikamwambia nina mteja wa Rohero, ana gari kama langu, na feni zake zina tatizo. Akaniuliza mteja anaitwa nani. Nikasema Méthode.

Hamimu akafikiri sana. Akasema nimwambie Méthode kwamba mlio ukiongezeka pamoja na kasi ya feni, kuna kitu kimenasa kwenye mapanga yake. Na nimwambie pia kwamba mtu akisimama mbele ya gari akilitazama usoni, kushoto kwake ni kulia kwa gari.

Nimerudi nyumbani nikiwaza. Huyu Méthode ni mjinga kiasi gani!

Ijumaa, 7 Novemba

Nimefungua feni ya kulia. Majani makavu. Manyoya ya ndege. Na katikati, kibanio cha nywele, cha plastiki ya kijani, umbo la kipepeo. Nikamwita Khadidja.

Alikipokea kwa mikono miwili. Akasimulia: alikuwa na miaka sita alipokisukuma ndani ya tundu la hewa. Alilia siku nzima. "Baba alisema gari imekula, na siku moja itanirudishia." Alicheka, kisha hakucheka tena. Mimi vumbi liliniingia machoni. Macho yote mawili.

Nikawasha. Kimya! Dada Fatouma akasikiliza, akafunga mlango taratibu, akasema: "Sawa." Kutoka kwake, hiyo ni medali.

Hamimu amenipa mkono, akaomba nimsalimie Méthode. Akaiona skrubu iliyobaki, akashauri nifungue tena feni ya kushoto, nifute mawese na niirudishe. Wivu huo. Nimekataa.

Jumamosi, 8 Novemba

Nikahi asubuhi, alhamdulillah. Safari ikaanza: Khadidja mbele kando yangu, bwana harusi nyuma, magoti yamegusa kidevu. Dada alitufuata ndani ya jipu la Hamimu.

Bugarama, ukungu. Nikawasha feni hadi mwisho. Kimya kitamu! Kisha kitu kikayumba upande wa kushoto. Puuf! Mawese ya moto yakaruka kutoka kwenye matundu. Kioo chote chekundu! Kanzu yangu pia. Gauni la bibi harusi limepona kwa uwezo wa Mungu tu.

"Mjomba, mi sioni barabara," akasema bwana harusi. Nikamwambia tuko wawili.

Nikasimama kando ya wauza kabichi. Dada akaja mbio, akafungua mlango, akamwamuru mwanawe ahamie jipu. Khadidja akashika kiti.

"Mama, nitafika na gari ya baba. Ata kama ni kwa kusukumwa."

Dada akavua kitenge chake kipya cha harusi, akaanza kufuta kioo. Hamimu akavua koti, akachomoa waya wa feni ya kushoto. Akanipa kitambaa nifute kanzu, kwa adabu. Hilo liliniuma kuliko maneno.

Tumefika Gitega kwa feni moja na kioo kilichosafishika nusu, tumechelewa saa mbili, tukinukia jiko. Vigelegele! Khadidja alishuka na kipepeo cha kijani juu ya shela. Dada alilia. Nami nililia, maana mawese yanawasha.

Jumapili, 9 Novemba, Gitega

Nimelala vizuri. Asubuhi wakwe walilalamika juu ya friji yao: inavuma mno, wageni hawasikilizani. Hamimu alitaka kuitazama. Nikamwambia atangulie Bujumbura, hapa yupo mtu mwenye uzoefu.

Nimeifungua kwa nyuma mwenyewe, kwa kisu cha mezani. Nusu saa tu. Sasa haivumi hata kidogo! Mama mkwe amenishukuru, akajaza humo nyama yote ya harusi iliyobaki, ya watu sitini watakaokula Jumanne.

Nimeweka sikio mlangoni pake mara tatu. Kimya kabisa.