Majuto Tu, Tafadhali

Jumatatu, 2 Juni

Kadi imefika! Mwalimu Khadidja ametugawia mwisho wa somo la Kiingereza. Mama Scholastique, mwenye mabasi ya kwenda Kampala, anatualika chakula Jumamosi nyumbani kwake Kiriri. Mwalimu kasema wazi: mama anatafuta sauti ya kutangaza safari kituoni, na atamchagua mtu hapo hapo mezani. Mtu huyo ni mimi. Miaka nenda miaka rudi nauza viatu vya mitumba sokoni Carama, na sauti yangu inafika Kinama bila kipaza sauti. Nimechoka kutangaza viatu. Nataka kutangaza Kampala.

Mpinzani mmoja tu: Hamimu, fundi wa simu. Kiingereza chake si kibaya, lakini hana haya. Anauliza kila kitu. Leo tena kanyosha mkono kuuliza maneno ya chini ya kadi: Regrets only. Nilitoka kabla ya jibu. Kuna haja gani? Regrets ni kama Kifaransa, majuto. Only ni tu. Majuto tu. Kazi imekwisha.

Jumanne, 3 Juni

Wazee wetu walisema majuto ni mjukuu, huja kinyume. Waingereza wanayataka mapema, kabla ya chakula. Ndiyo adabu yao. Mwalimu mwenyewe alituambia kwamba Mwingereza ukimkanyaga mguu, yeye ndiye anayeomba samahani.

Mke wangu Irène hakuridhika. "We Bonfils, uliza mwalimu. Kuuliza haiue mutu." Nikamjibu kwamba mtangazaji haulizi, hutangaza.

Nimemtumia Mama Scholastique ujumbe kwa simu, Kiingereza kitupu, kwamba nina majuto makubwa sana. Ya nini, sikueleza. Adabu haina sababu.

Jumatano, 4 Juni

Amejibu! Sorry to hear that, Bonfils. Another time. Kumbe naye anajuta. Tumeelewana. Na hayo ya mwisho nimeyatafsiri neno kwa neno: mara nyingine. Anataka nirudie!

Nimerudia, tena kwa uzito. Deepest regrets, from all my family. Maneno niliyapata kwenye simu, kwenye picha nzuri yenye msalaba na maua meupe. Irène alipoona nimeiingiza familia akasema majuto yake nisiyatume, anayo mengi na anajua pa kuyapeleka. Sikumwelewa.

Ijumaa, 6 Juni

Ushindi! Dereva wa Mama Scholastique kaja nyumbani na gunia la mchele. Kavua kofia mlangoni, kamshika Irène mkono kwa mikono yake miwili. "Pole sana, mama. Mushike roho." Irène akashukuru, akauliza pole ya nini. Dereva akatazama chini, akarudi kwenye gari polepole. Watu wa Kiriri wana malezi.

Jioni nilipita kibandani kwa Hamimu, eti simu yangu haipokei chaji vizuri. Hakuletewa hata punje. Nilimwonea huruma. Halafu nikarudi nyumbani, tukala.

Jumapili, 8 Juni

Naandika ya jana. Nilipanda Kiriri kwa miguu, suti ya kuazima, viatu vya kwangu. Mlinzi akanizuia langoni. "Apana, kaka. Patronne alisema hautakuya, uko mu matanga."

Mama kasema hivyo? Matanga gani? Ndani nilisikia watu wakicheka, na sauti ya Hamimu ikiwa katikati yao. Nilijiona nimezeeka sokoni, kiatu kimoja mkononi, nikimtafutia mwenzake. Karibu nigeuke. Ndipo nikakumbuka niliitiwa nini pale. Nikarudi nyuma hatua chache, nikajaza kifua: Attention, please! Passenger Bonfils is now arriving!

Mbwa wa mtaa mzima waliitika. Lango likafunguka. Mama Scholastique mwenyewe, kitambaa cha mezani bado mkononi. Kanipa mkono, kasema kwa Kiingereza kwamba anasikitika kwa loss yangu. Neno hilo nalijua, ni kupotea. Nikamshukuru, nikamweleza kwamba kweli nilipotea kidogo karibu na kanisa, lakini muuza karanga akanionyesha njia.

Akarudi kwenye Kiswahili. "Sasa ni nani alikufa?"

Nikamwambia hakuna, wote wazima, na mchele ulikuwa mtamu sana. Akanitazama. Akaanza kucheka mpaka akalishika lango. Sijawahi kupokelewa kwa furaha namna ile.

Matokeo: Hamimu kapewa Kiingereza. Mimi Kiswahili, Kirundi na Kifaransa, majaribio kuanzia kesho! Mama alisema sauti inayoruka ukuta wake haitashindwa na injini ya basi. Irène alipopata habari akalia kidogo, akasingizia kitunguu. Nami nilifurahi sana.

Wakati tunashuka, Hamimu akanieleza kwamba Regrets only maana yake anaandika yule tu asiyekuja. Wivu. Yeye hakuandika kitu, kapata lugha moja na hana mchele.

Jumatano, 11 Juni

Kazi inakwenda vizuri. Abiria mmoja wa Kampala kapanda basi la Gitega, lakini alikuwa hanitazami nikitangaza.

Leo kadi nyingine! Mama Scholastique anawaalika wafanyakazi wote na wenzi wao kwenye ufunguzi wa kituo kipya. Chini kuna herufi nne: R.S.V.P. Irène kaniambia hata kadi za harusi za parokia yetu zinazo, na ni Kifaransa cha kuomba jibu. Nimemcheka. Kadi nzima ya Kiingereza, Kifaransa kitapitia wapi? Akaniomba nimuulize mwalimu. Nimekataa kwa upole.

R ni Regrets, hiyo haina ubishi. S ni Sorry. V ni Very. P ilinisumbua kidogo, mpaka nikagundua ni Pole. Hata Waingereza wamechukua kwetu.

Nimeshatuma, kwa jina langu na la Irène. Nimemwambia aoshe sufuria kubwa ya wali.