Mbwa wa Baba Mkwe Mtarajiwa

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Nimekwenda Njombe kwa Mzee Sila, baba yake Aneth, kudokeza habari ya barua ya posa. Kabla sijamaliza chai, Mzee akanipakatisha mtoto wa mbwa, wa kahawia. Akasema anayetaka binti wa watu aonyeshe kwanza kwamba anaweza kutunza kitu chenye roho. Akiridhika, atapokea barua. Ndugu yake mbwa huyu kapewa Bonaventura, mwalimu wa kwaya wa kwetu Makambako, ambaye naye anamzungukia Aneth. Kumbe ni mashindano! Haya.

Aneth kanipa orodha: bakuli la maji, bakuli la chakula, ukanda wa shingoni, blanketi, dawa ya minyoo, kibanda. Ndefu kuliko ya mwanafunzi wa bweni! Babu yangu kule Matembwe alifuga mbwa sita, na hakuna aliyekuwa na blanketi. Sinunui kitu.

Jumanne, 8 Julai

Nimesharudi Makambako. Baridi kali. Mbwa analia tangu asubuhi, sijui anataka nini. Bonaventura kaweka picha kwenye simu: mbwa wake kavaa sweta. La bluu. La kufumwa! Uji umenishinda.

Saa nne nikapata akili. Nikaingia na mbwa dukani kwa Irine, muuza dawa za mifugo, nikamwomba anitolee kila kitu nikague. Nikamkalisha mbwa kwenye kigodoro, ukanda mwekundu shingoni, mabakuli mawili yanang'aa mbele yake. Nikapiga picha nne, nikarudisha vitu, nikasema nitafikiria. Mbwa akakojolea kigodoro. Irine kasema nisikanyage tena pale. Si kitu. Picha nimeshamtumia Aneth, kajibu kwa mioyo mitatu. Bonaventura na sweta lake atajiju.

Jumatano, 9 Julai

Balaa! Aneth kamwonyesha baba yake zile picha. Mzee kafurahi mno, anakuja Jumapili kujionea. Picha nne hazimtoshi?

Maduka mengine yapo, najua. Lakini nikinunua leo ni kama nakiri kwamba jana nilikosea. Nimekata mkanda wangu wa suruali: ukanda wa mbwa tayari, na matundu yake. Mabakuli nimeazima kwa Mama Lulu, mwenye nyumba wangu, yale meupe ya maua, rafu ya juu. Alikuwa sokoni, kwa hiyo sikumsumbua kwa kumwomba.

Ijumaa, 11 Julai

Siku mbaya. Asubuhi nimegongana na Bonaventura barabarani, yeye na mbwa wake na sweta lao, nyuma yao akina dada wanne wa sauti ya kwanza. Kaniuliza wangu anaendeleaje. Nikainua mikono yote miwili kumwonyesha alivyokua. Suruali ikashuka. Wale dada wamecheka mpaka mmoja kakaa chini.

Kurudi nyumbani, Mama Lulu kasimama uani, bakuli mkononi. Kamkuta mbwa analilamba. Kaniuliza tangu lini. Nikasema tangu juzi tu. Kanikumbusha kwa sauti ya chini kabisa kwamba yeye ni Mwislamu, kwamba chombo kilicholambwa na mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo, na kwamba jana kalikuta moja uani, akadhani limesahaulika, akalisuuza tu na kulia tambi. Nikamweleza kwamba huyu mbwa mdomo wake msafi. Haikusaidia. Kasema mabakuli sasa ni yangu, nimletee mengine, na mbwa asivuke kizingiti chake. Angenitukana ningepata nafuu. Niliona aibu kweli, karibu nusu saa.

Jioni nimepigilia kibanda cha mabanzi ya mbao. Ili mchwa wasikile, nimekipaka oili chafu ya gari, nje na ndani. Kazi safi.

Jumapili, 13 Julai

Wamekuja baada ya ibada, Mzee na Aneth. Kamwene, kamwene, salamu zikaenda vizuri. Nikawaonyesha kibanda, ambamo mbwa nilikuwa nimemfungia tangu asubuhi apendeze. Nikafungua. Kaingia wa kahawia, katoka mweusi tii, anapiga chafya. Mzee akauliza yuko wapi yule wa kwenye picha. Nikasema baridi huwabadilisha rangi.

Nikamwita. Akanipita, akampita Mzee, akaenda kukaa chini ya dirisha la Mama Lulu na kutazama juu. Dirisha likafunguka, vikaanguka vichwa viwili vya samaki. Mama Lulu hakuwa ametuona. Akamwambia mbwa ale, maskini, bwana wake hamnazo.

Mzee akamuuliza amemlisha tangu lini. Akasema tangu Jumanne. Kumshika hawezi, lakini kilio cha njaa anakijua. Hata gunia analolalia kwenye kibanda cha kuni kaliweka yeye, kwa ncha ya fimbo. Nilidhani mbwa anapenda kuni.

Aneth hakunigombeza. Alisema tu kwamba zile picha aliwaonyesha mashoga zake wote, akajisifu, kisha akageuka kufuta macho. Hapo niliumia. Nampenda yule msichana, jamani.

Mzee akatoa hukumu: barua nisilete. Atarudi baada ya miezi sita. Akimkuta mbwa wa kahawia, mnene, anayeijua sauti yangu, ndipo tutazungumza.

Jumatatu, 14 Julai

Nimefikiri sana. Miezi sita! Dawa ya minyoo, blanketi, uji kila asubuhi, nani ana muda huo?

Leo kwenye yadi ya mbao nimemwona mbwa wa mlinzi. Wa kahawia. Mnene. Akiambiwa kaa, anakaa! Nimekubaliana na mlinzi aendelee kumtunza mpaka Januari, nitamchukua siku moja kabla ya Mzee kufika. Ilibaki habari ya sauti tu. Nimeirekodi yangu kwenye simu ya mlinzi, atamfungulia aisikie kila siku wakati wa kula.