Maziwa Yangu, Kaunti Tatu na Holi ya Chini

Leo nimeaibika. Tena nikiwa na suti yangu ya kanisa, ile ya zambarau, na kwa sauti ya juu kabisa. Naandika haya mapema, kabla hamjasikia kwa mtu mwingine, kwa sababu Kitengela mnaijua.

Kwa wale hamnijui, mimi ni Wangari. Natengeneza maziwa lala na yoghurt. Nilianza na sufuria moja nyuma ya nyumba, na siku hizi niko na kiwanda kidogo, wafanyakazi, na gari lenye jina langu ubavuni. (Ndio, najisifu. Kwani nimngoje nani anisifu?) Maziwa nanunua kwa wafugaji wa huku kwetu Kajiado, napakia Kitengela, halafu nauza Athi River, ambayo ni kaunti ya Machakos, na Nairobi.

Sasa shida iko hapo. Kila kaunti inataka niwe na kibali chake. Kila kaunti inataka nilipie lile jina kwa gari, utadhani linabadilika likivuka mpaka. Kioo cha mbele kimejaa stika hadi dereva wangu anaangalia barabara kama mtu anayechungulia majirani.

Basi nikasikia kaunti yetu inachukua maoni ya wananchi juu ya ada, leo asubuhi, kwa hoteli moja hapa mjini. Nikasema huko lazima niongee. Hotuba nimeifanyia mazoezi wiki nzima. Nimewahutubia kuku. Nimemhutubia mume wangu akiwa bafuni.

"Wangari," akaniambia leo tukinywa chai, "mimi nimeshakuondolea ushuru wote. Enda uwaambie wenyewe."

Nikaenda. Nilichelewa kidogo (nywele). Kwa geti askari akaniuliza, "Mama, umekuja kikao?"

"Ndio."

"Basi harakisha. Holi ya chini. Wamefika kwa mambo ya malipo."

Jamani, nani angeshuku hapo?

Nikaingia. Watu wamekaa pande mbili, wanaangaliana. Upande mmoja ni wazee wa Kimaasai, mashuka safi, fimbo mkononi, na kina mama wenye shanga. Nikajua hao kaunti imewaleta. Upande wa pili nasikia Kikuyu. Nikajua hao ni wafanyabiashara wenzangu. Nikapenya katikati yao nikaketi. Mama mmoja akanisogezea soda na mandazi, akaniuliza kama barabara ilikuwa mbaya. Nikasema moyoni, kumbe serikali siku hizi ina adabu!

Mbele alikuwa amesimama mwanamume mrefu, kofia nzuri, sauti ya upole.

"Nyinyi mmeshatoa kwa Kajiado," alikuwa anasema, "na tunawashukuru. Lakini mimi niko Athi River. Na mimi pia niko na haki yangu. Lazima mtoe na kwangu."

Damu ikanipanda kichwani. Anaongea wazi hivyo, mchana, bila hata aibu!

Msemaji wa upande wetu, mzee mmoja mwenye koti la kijivu, akashika kichwa. Akatugeukia. "Kuna mtu wetu ako na neno?"

"Mimi niko na neno!" Nilikuwa nimeshasimama.

Watu wangu, niliongea. Hata sasa nikikumbuka najivunia. Sauti ilitoka hadi nikajishangaa.

"Mheshimiwa," nikamwambia yule mrefu, "sisi hatukatai kulipa. Kajiado tumelipa! Ng'ombe ni wa Kajiado, nyasi amekula Kajiado. Sasa tukivuka tu hapo Athi River, tunaambiwa tulipe tena. Kwa nini? Kwani ni kitu kingine tumebeba? Si ni kile kile?"

"Ehe!" upande wetu wakajibu. "Mwambie, mama!"

Hapo ndipo nilipotea kabisa. Mkinishangilia mimi sirudi nyuma.

"Na si Athi River peke yake! Hata Nairobi wako hapo wanangoja na mkono wazi!"

Holi yote ikageuka kumwangalia mama mmoja wa upande ule, mwenye kofia kubwa ya maua, ambaye mkono wake ulikuwa njiani kuelekea sahani ya mandazi. Mkono ukasimama hewani. Nikajua basi, huyo ndiye wa Nairobi. Nikamnyooshea kidole.

"Kila mmoja anasema hii ni yangu! Mmechangia nini? Mimi ndiye nimechemsha! Mimi ndiye nimepoesha! Mimi ndiye nimefunga nikapakia!"

"Amechemsha nani?" mzee mmoja akauliza.

Kwani mimi ningenyamaza? "Na tukishawalipa, tunapata nini? Taka! Taka imekaa mbele ya mlango wangu wiki nzima!"

Mama mmoja wa shanga akamwinamia mwenzake. "Ametuita taka?"

Yule mwanamume mrefu akavua kofia. "Mama, asante. Umeongea kwa uchungu. Sasa tujulishe. Wewe ni nani wa bwana harusi?"

"Mimi ni mfanyabiashara," nikasema, bado nimeinua kifua.

"Na unafanya biashara gani na msichana wetu?"

Msichana. Bwana harusi. Nikaangalia tena, polepole. Maua kwa meza. Blanketi mpya kwenye kona, bado ziko kwa nailoni. Na katikati yetu, kijana wa suti mpya anatoka jasho, ananitazama kama mtu asiyejua kama aniombe nikae ama niendelee.

"Kwani hii si kikao cha kaunti?" Sauti ilikuwa imebaki ya kifaranga.

"Hii ni ruracio," mama aliyenipa soda akaninong'oneza. "Tunaongea mahari. Kaunti wako holi ya juu." Halafu akanivuta sketi. "Lakini malizia kwanza. Unaongea vizuri."

Ningekuwa na uwezo ningeingia ndani ya ile chupa ya soda.

Wa kwanza kucheka alikuwa baba ya msichana. Mzee alicheka hadi fimbo ikamtoka. "Ndugu yangu," akamwambia yule mrefu, "hata mtu wa kupotea njia amekuona!"

Ndio nikaelezwa. Yule mrefu ni ndugu ya baba. Msichana aliishi kwake Athi River akisoma, kwa hivyo naye alitaka mahari yake kando. Na mwenye kofia ya maua ni shangazi, amekuja kutoka Nairobi na orodha yake kichwani. Mimi nilikuwa nimewapiga wote wawili bila kujua majina yao!

"Na wewe ulikuwa unaongea juu ya nini?" yule mrefu akaniuliza.

Nikamwambia. Maziwa, gari, vibali, stika. Nikaomba msamaha hadi kwa wale wa taka. Akaizungusha kofia mikononi.

"Kila kaunti stika yake?"

"Kila kaunti."

"Mimi niko na lori za mchanga," akasema. "Hayo mambo yananikosesha usingizi." Akaangalia chini. Halafu akawageukia watu wa kijana. "Basi. Mlichotoa kwa ndugu yangu kinatosha. Mimi nipeni blanketi."

Vigelegele! Kijana wa suti akaketi kama mtu aliyekatwa kamba.

"Mimi sijasema nimeacha," shangazi akasema, lakini hakuna aliyemsikia.

Nikachukua mkoba wangu nikatoka mbio. Nyuma yangu nikasikia viatu. Ni yule mrefu. "Twende huko juu," akasema. "Na mimi niko na maneno."

Holi ya juu walikuwa karibu kufunga. Nikawaomba wanipe nafasi, nikarudia hotuba, safari hii kwa ufupi na bila kunyooshea mtu kidole. Mlangoni nusu ya watu wa bwana harusi walikuwa wamepanda kutusikiliza. "Mwambie, mama!" wakapiga kelele.

"Hawa wote ni wafanyabiashara?" afisa wa kaunti akauliza.

"Hapana," nikasema. "Ni wakwe."

Yule mrefu naye akasema ya lori. Afisa akatueleza kuwa Kajiado haiwezi kuwafutia majirani ada zao, lakini ombi letu kwamba kaunti zikae pamoja zikubaliane stika moja, hilo limeingia kwenye rekodi. Akalisoma mbele ya holi yote. Kama litafanyika sijui. Lakini mimi, wa sufuria moja, nimesikilizwa!

Harusi nimealikwa. Bwana harusi anataka nikae mbele kabisa. Shangazi wa Nairobi naye ametuma ujumbe: nije, nile, lakini nisisimame.